Ukimhurumia, Kaza Zaidi

Jambo la kwanza tulilofundishwa kuhusu mwenzako aliyepigwa risasi ni kutomkimbilia. Darasa zima lilikaa kimya. Tulikuwa makuruta tuliokwisha kupiga kwata mpaka soli za buti zikalika, tuliokwisha kuimbishwa asubuhi na jioni kwamba askari hamwachi mwenzake, halafu anasimama mbele yetu sajenti wa tiba, mtu mwenye sauti ya chini kuliko wakufunzi wote, anatuambia kwamba mtu akianguka kazi yako ya kwanza ni kujikinga na kujibu risasi. Ya pili ni kumpigia kelele yeye aliyeanguka: jivute ujifiche, jifunge mkanda mwenyewe. Kuruta mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Afande, na akishindwa?"

"Akishindwa utamfuata, lakini kwa mpango. Ukienda kichwakichwa watakuwa wawili. Kisha watatu, maana kuna mwingine atakayekufuata wewe."

Watu wakisikia nilisomea huduma ya kwanza ya vitani huniuliza kama niliogopa damu. Damu unaizoea mapema, hasa ile ya bandia inayonata kwenye vidole siku nzima. Kilichonisumbua mimi, na nadhani kiliwasumbua wengi, ni huruma. Karibu kila hatua tuliyofundishwa inakwenda kinyume na kile ambacho moyo wa mtu mwema unakusukuma ufanye. Mafunzo yale, ukiondoa vifaa na majina ya mishipa, ni shule ya kuishika huruma yako mkono na kuiambia isubiri zamu yake.

Huduma ya kwanza ya uraiani inaanza kwa kuhakikisha eneo ni salama, kisha unapiga simu, kisha unamhudumia mtu mpaka gari la wagonjwa lifike. Vitani eneo si salama na halitakuwa salama kwa sababu wewe umetaka. Kuna adui, kuna giza, hospitali iko mbali kwa saa nyingi, na kikosi bado kina kazi ya kumaliza. Mwaka 1996 Frank Butler, daktari wa jeshi la majini la Marekani, na wenzake wawili walichapisha makala iliyosema waziwazi kwamba tiba nzuri iliyotolewa wakati mbaya inaweza kuua watu zaidi. Wakaigawa kazi katika vipindi vitatu: wakati risasi bado zinakulenga, wakati mmepata kinga, na wakati wa kumsafirisha majeruhi. Majeshi mengi ya leo yanafundisha kwa mpangilio huo au kwa kitu kinachofanana nao sana.

Katika kipindi cha kwanza kuna tiba moja tu inayoruhusiwa kukupotezea muda, nayo ni kuzuia damu inayomwagika kutoka mkononi au mguuni. Mifupa itasubiri, na hata pumzi itasubiri. Kijana aliyekatwa mshipa mkubwa wa paja anaweza kufa ndani ya dakika chache, wengine husema tatu, na hakuna daktari duniani atakayefika kwa dakika tatu.

Kifaa chenyewe wataalamu wanakiita turniketi. Sisi tuliuita mkanda tu. Ni utepe mpana wenye velkro ya kujishikilia, na juu yake kijiti cha kusokotea chenye urefu wa kidole. Risasi zikiwa bado zinalia unaufunga juu ya nguo, juu kabisa karibu na nyonga au bega, kwa sababu huna nafasi ya kutafuta jeraha liko wapi hasa. Mkipata kinga unakata nguo, unaona jeraha, unaufunga upya juu ya ngozi yenyewe, sentimita tano hadi saba na nusu juu ya jeraha, na kamwe si juu ya kiungo kama goti au kiwiko. Kwanza unavuta utepe wenyewe mpaka vidole vitatu visipenye chini yake. Ni baada ya hapo tu unashika kijiti. Makuruta wengi huuacha utepe umelegea kisha wanategemea kijiti kifanye kazi yote, na kijiti kinafika mwisho wa mizunguko yake huku damu inaendelea.

Sasa ndipo inapokuja ile huruma. Tulifanya mazoezi wawiliwawili, mmoja amelala chini, mwingine anafunga. Mwenzangu alikuwa mtu wa masihara, tulikuwa tunakula pamoja na kuchekeshana usiku kucha. Nikakizungusha kijiti mara ya kwanza akakunja uso. Mara ya pili akashika mkono wangu. Mara ya tatu akanitukana matusi ambayo siyaandiki hapa, na mimi mkono ukalegea wenyewe. Sajenti alikuwa amesimama nyuma yangu. Akainama, akaweka vidole viwili juu ya mguu wa mwenzangu, pale kwenye mapigo, akasema, "Moyo wake bado unapeleka damu huku chini. Huyu amekufa, lakini amekufa ukiwa umemhurumia. Ukimhurumia, kaza zaidi."

Mkanda usiouma haujafungwa. Huo ndio ukweli wenyewe, na haupendezi. Unakaza mpaka damu iache kutoka na mapigo ya chini ya mkanda yapotee, na kama mmoja hautoshi unafunga wa pili kando ya wa kwanza. Mkanda uliokazwa nusunusu ni hatari kuliko kutokuwa nao, kwa sababu unaziba mishipa laini inayorudisha damu moyoni, huku ateri, mishipa inayotoa damu moyoni kwa msukumo mkubwa, zinaendelea kuileta. Mguu unavimba, jeraha linatoa damu zaidi ya mwanzo. Halafu kuna ile desturi ya kizamani ya kulegeza mkanda kila baada ya muda ili mguu "upumue". Aliyekufundisha hiyo alikuwa na nia njema. Kila unapolegeza, majeruhi anapoteza kidogo katika damu iliyobaki, na baada ya kulegeza mara kadhaa hana ya kupoteza.

Ukishafunga unaandika saa. Kwenye utepe wa mkanda kuna mahali pake, na kama kalamu haiandiki hapo, andika kwenye paji la uso. Saa hiyo ni ya watu watakaompokea. Ndani ya saa mbili inafaa kuangalia kama mkanda unaweza kubadilishwa na bendeji ya kubana. Ukipita saa sita, hauguswi mpaka afike mbele ya daktari wa upasuaji. Kufungua si kazi ya kuruta mwenye huruma.

Kifaa hiki si kipya. Mfaransa Jean-Louis Petit alitengeneza cha skrubu mwaka 1718, na waganga wa vitani wakakitumia kwa vizazi. Kisha kikaharibikiwa jina. Madaktari waliona viungo vilivyooza baada ya mkanda kukaa siku nzima, wakaanza kufundisha kwamba ni njia ya mwisho kabisa, baada ya kila kitu kushindikana. Katika vita vya Vietnam inakadiriwa kwamba zaidi ya askari 2,500 wa Marekani walikufa kwa kutokwa damu kwenye mikono na miguu, mahali ambapo ukanda na kijiti vinafika. Kilichogeuza mawazo ni takwimu, hasa zile zilizokusanywa na daktari John Kragh katika hospitali ya kijeshi ya Baghdad mwaka 2006. Katika majeruhi 232 waliofungwa mikanda, hakuna aliyepoteza kiungo kwa sababu ya mkanda wenyewe. Na waliofungwa kabla mwili haujaishiwa damu na kuingia kwenye mshtuko, tisa kati ya kumi walipona. Waliofungwa baada ya mshtuko, alipona mmoja kati ya kumi. Niliposoma namba hizo ndipo nilipoelewa kwa nini sajenti alikuwa anatupima kwa saa ya mkononi na kutufanya turudie gizani, tukiwa tumelala, kwa mkono mmoja, kwa mkono usio wa kawaida yako, kwenye matope. Alikuwa anataka mkono ujue kabla ya kichwa.

Na tafadhali, wale wanaosambaza video za kufunga jeraha kwa mkanda wa suruali: mkanda wa ngozi bila kijiti haufiki popote. Unabana vizuri kwenye kamera tu.

Kuna mahali mkanda hauwezi kufungwa. Kinena, kwapa, shingo. Hapo unajaza jeraha, na hili nalo lina ukatili wake. Unachukua shashi iliyotiwa dawa ya kugandisha damu. Ile inayotumika sana imepakwa kaolini, ambayo ni aina ya udongo mweupe. Unaingiza kidole ndani ya jeraha mpaka uhisi damu inatokea upande gani. Unasukuma shashi hapo hapo, kidole juu ya kidole bila kuachia, mpaka shimo lijae na shashi ibaki imechomoza juu. Kisha unakandamiza kwa uzito wako wote, viwiko vimenyooka, kwa dakika tatu zisizopungua. Dakika tatu ni ndefu mno. Tulifanyia kwenye kipande cha nyama chenye bomba la damu ya bandia lililounganishwa na pampu, na kila mtu, bila kuambiwa, alitaka kuinua mkono ili achungulie kama imeacha. Ukichungulia unavunja bonge lililoanza kuganda na unaanza upya, na shashi yako umeshaimaliza.

Damu ikishatulia ndipo unaendelea na mengine, kwa mpangilio unaojulikana kwa herufi za MARCH, zilizotoka kwenye maneno ya Kiingereza: damu nyingi, njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, halafu baridi pamoja na jeraha la kichwa. Sitazipitia zote, ila kuna mambo mawili yaliyonishangaza.

La kwanza ni majeruhi wa uso. Mtu amevunjika taya, damu inamjaa mdomoni, na kila mtu aliyelelewa vizuri anataka kumlaza chali apumzike. Ukimlaza chali unamzamisha kwenye damu yake mwenyewe. Kama yuko macho na anataka kukaa huku ameinamia mbele, mwache akae hivyo hivyo. Mwili wake unajua. Aliyepoteza fahamu ndiye unayemlaza ubavu.

La pili ni kifua. Risasi ikitoboa kifua hewa inaweza kuingia kupitia tundu la jeraha badala ya kupitia puani, ikajikusanya kati ya pafu na mbavu. Unaziba tundu kwa plasta maalumu, na nzuri zaidi ni zile zenye vali ndogo ya kutolea hewa. Kisha unapitisha mkono mgongoni kutafuta tundu la pili, kwa sababu hakuna anayelikumbuka la mgongoni. Baadaye majeruhi akianza kuhangaika na pumzi kupita kiasi, unainua ukingo wa plasta hewa itoke. Isiposaidia, mwenye ujuzi anachoma sindano ndefu, kama sentimita nane, katikati ya mbavu. Tulionyeshwa pa kuchoma. Sajenti akasema wazi kwamba wengi wetu tungeogopa kuchoma, na mmoja wetu angekuwa na hamu ya kuchoma, na yeye anamwogopa zaidi huyo wa pili.

Zoezi la usiku lilitufundisha kuhusu kelele. Majeruhi wa kuigiza walitawanywa vichakani, moshi, milio, mwanga hakuna. Mmoja alikuwa analia kwa sauti kubwa, anaita mama, anaita majina yetu. Kikosi chetu kizima kilijikuta kimemzunguka. Alikuwa amevunjika mkono. Hatua chache kutoka hapo alikuwa amelala mwingine, kimya, na kimya chake kilikuwa ndiyo dalili. Anayelia ana pumzi na ana damu ya kutosha kufikisha kelele mdomoni. Usiku ule ndipo tulipojifunza pia kupapasa mwili kwa mikono miwili, sehemu kwa sehemu, na kuitazama mikono yako kwa taa nyekundu kila unapomaliza sehemu moja. Gizani jasho, maji na damu vyote ni unyevu. Damu ina uvuguvugu, inateleza mwanzo kisha inanata.

Halafu kuna lile somo ambalo baada yake hakuna aliyeenda moja kwa moja kula. Mtu aliyelipuliwa au kupigwa risasi, hana mapigo, hapumui, haonyeshi dalili yoyote ya uhai: katikati ya mapigano huanzi kumkandamiza kifua. Moyo wake haukusimama kwa ugonjwa wa moyo, umesimama kwa kukosa damu ya kusukuma, na kukandamiza hakuongezi damu. Wakati wewe uko hapo, yule anayeweza kupona anakwisha. Kwa aliyeumia kifua au tumbo, mwenye ujuzi atamchoma sindano pande zote mbili za kifua kabla ya kukata tamaa, ili kuhakikisha si hewa iliyomziba. Baada ya hapo mnamwacha. Kwenye zoezi tuliambiwa tumwache kijana tuliyelala naye kitanda cha juu na cha chini, aliyekuwa anaigiza maiti vizuri mno.

Hata silaha yake unamnyang'anya. Majeruhi aliyepungukiwa damu au aliyepigwa kichwani, au aliyepewa dawa kali ya maumivu, hana tena akili ya kuaminiwa na bunduki wala bomu la mkono. Anaweza kukuona wewe unayemhudumia akadhani ni adui. Kumnyang'anya askari silaha yake ni kumdhalilisha, na yeye atakwambia hivyo kwa maneno makali. Unamnyang'anya, pamoja na redio.

Baridi ilinichukua muda kuielewa, maana mafunzo yetu yalikuwa kwenye jua kali. Kwa nini kila majeruhi afunikwe blanketi wakati sisi tunatoka jasho? Jibu liko kwenye damu. Mwili uliopoteza damu nyingi hauwezi kutengeneza joto lake. Joto likishuka, damu inakuwa mvivu wa kuganda. Isipoganda inaendelea kuvuja, mwili unajaa asidi kwa kukosa oksijeni, na asidi nayo inazuia kuganda. Mambo hayo matatu yakishikana mikono, daktari wa upasuaji anaweza kushona kila mshipa na mtu bado akafa mezani. Kwa hiyo unaweka kitu kati yake na ardhi, kwa sababu ardhi inanyonya joto haraka, unamvua nguo zilizolowa, unamfunga. Kati ya yote haya, hili ndilo pekee linalofanana na huruma kwa macho ya mtu anayepita.

Nisije nikaeleweka kwamba hizi zote ni kazi za mganga wa kikosi. Mganga ni mmoja, naye anaweza kuwa ndiye aliyepigwa. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 kuhusu vifo 4,596 vya askari wa Marekani kati ya 2001 na 2011 ulionyesha kwamba karibu asilimia 87 walikufa kabla ya kufika kwenye kituo chochote cha tiba. Kati ya hao, karibu robo walikuwa na majeraha ambayo pengine yangeweza kutibika, na sehemu kubwa mno ya robo hiyo walikufa kwa kutokwa damu. Sasa linganisha na kikosi cha 75 cha Ranger, makomando wa jeshi hilo hilo, kilichoamua mapema kwamba kila askari, kuanzia kamanda mpaka dereva, atafundishwa na atapimwa. Kati ya 2001 na 2010 kilipoteza watu 32, na uchunguzi ulimkuta mmoja tu ambaye pengine angeokolewa. Hawakuwa na dawa ya siri. Tofauti ni kwamba huduma ya kwanza iliwekwa mikononi mwa makamanda na kupimwa kama kulenga shabaha kunavyopimwa. Naona hapo ndipo majeshi mengi yanapotoa visingizio: fedha za risasi za mazoezi zinapatikana, mikanda ya mazoezi haipatikani, na ile ya kweli inatumika mazoezini mpaka velkro haishiki, kisha inarudishwa kwenye mfuko wa kwenda nayo vitani. Mkanda uliofanyiwa mazoezi usiende vitani. Vijiti vyake vimeshachoka.

Somo la mwisho lilikuwa la kupanga nani kwanza. Sajenti alitupa historia fupi: Dominique Larrey, daktari wa upasuaji katika majeshi ya Napoleon, aliyeanzisha magari mepesi ya farasi ya kubebea majeruhi miaka ya 1790, alishikilia kwamba aliyeumia zaidi atibiwe kwanza, bila kutazama cheo. Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949, kifungu cha 12, unasema hivyo hivyo kwa lugha ya kisheria: ni sababu za haraka za kitiba tu zinazoweza kuamua nani atangulie, na majeruhi wa adui yumo. Halafu akalaza watu wawili mbele yetu. Mmoja ni wa upande wetu, amepigwa risasi ya bega, damu imeshatulia kwa bendeji. Wa pili amevaa kombati za adui, paja linamwaga.

Hakuna aliyesogea. Kwenye karatasi tulikuwa tumejibu swali hilo sawasawa wote. Hatimaye mwenzangu yule wa matusi akapiga magoti kando ya adui, akampekua kwanza silaha kama tulivyofundishwa, akaweka kisu pembeni, halafu akasimama tena na kugeuka. Kanuni ni kwamba kila majeruhi anatibiwa kwa vifaa vya mfuko wake mwenyewe, vyako vibaki kwa ajili yako.

"Afande, huyu hana mkanda."

"Una mingapi?"

"Miwili."

"Basi unauliza nini?" akasema sajenti, na kuitazama saa yake.